Magunia Manne Juu ya Kikombe: Espreso ya Wenzo na Kahawa ya Meru

Mashine ya espreso ya wenzo haina pampu. Mahali pa pampu pana springi nene iliyofichwa ndani ya kichwa cha shaba, na mahali pa kitufe pana mkono mrefu. Barista akiushusha mkono, springi hubanwa na maji ya moto huingia juu ya kahawa iliyosagwa. Akiuachia, springi hujinyoosha taratibu na kuyasukuma maji yapenye kwenye kahawa. Mkono hupanda wenyewe, bila haraka, kwa nusu dakika hivi, na kikombe hupata kahawa kadiri mkono unavyopanda. Ukifika juu, kazi imekwisha.

Mashine hizi zilitawala kaunta za Italia kuanzia mwaka 1948 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha pampu ya umeme ikazisogeza kando. Hazikufa. Mjini Naples zimebaki kuwa mashine za kila siku, na katika nchi nyingi wapenzi wa kahawa huzisaka zile kuukuu, wakazifufua na kuzirudisha kazini. Arusha, ambako mibuni huanza pale nyumba za mji zinapoishia, migahawa mingi hutumia mashine za pampu. Hata hivyo, wenzo una la kuufundisha mji huu, kwa sababu ni mashine isiyoficha kitu. Mwinuko wa mahali, chumvi za maji, presha ya bomba, kukatika kwa umeme na uchachu wa kahawa ya Meru, kila kimoja huacha alama yake kwenye kikombe.

Somo la nyenzo

Mwanafunzi wa shule ya msingi hufundishwa kwamba wenzo una egemeo, mzigo na jitihada, na kwamba daraja lake hutegemea kipi kati ya hivyo vitatu kimekaa katikati. Mashine ya springi ni wenzo wa daraja la kwanza. Egemeo liko kati ya mkono wa barista na pistoni, kama kwenye mkasi, ndiyo maana mkono ukishuka pistoni hupanda. Mashine ndogo za nyumbani zisizo na springi, kama La Pavoni Europiccola ya mwaka 1961, ni za daraja la pili. Humo pistoni iko kati ya egemeo na mkono, kama mzigo ndani ya toroli, na mtu huyakandamiza maji kwa nguvu zake mwenyewe tangu tone la kwanza hadi la mwisho.

Nguvu inayohitajika si ndogo. Espreso hukamuliwa kwa kanieneo linalokaribia mara 9 ya lile la hewa ya usawa wa bahari. Kikapu cha kichujio katika mashine nyingi za biashara kina kipenyo cha milimita 58, yaani eneo la sentimita za mraba 26 na ushei. Kila sentimita ya mraba ikibeba zaidi ya kilo 9, tonge zima la kahawa hubeba takriban kilo 240. Gunia la kahawa inayouzwa nje ya nchi lina kilo 60. Kwa hiyo kikombe kimoja cha espreso hukamuliwa kwa uzito wa magunia manne ya kahawa yaliyopandanishwa juu ya duara lisilozidi mdomo wa kikombe chenyewe.

Hakuna barista awezaye kuyakandamiza magunia manne kwa mkono mmoja. Wenzo humwezesha kwa kubadilishana: mkono husafiri mbali ili pistoni isafiri kidogo, na kinachotolewa kwenye umbali hurudi kwenye nguvu. Springi nayo ni ghala. Barista huweka nguvu zake mle kwa sekunde chache, na springi huzitoa polepole kwa sekunde 25 au 30.

Tofauti ya ladha huanzia hapo. Pampu ya kawaida husukuma kwa nguvu ileile tangu mwanzo hadi itakapozimwa. Springi haiwezi kufanya hivyo, kwani ikiwa imebanwa ina nguvu nyingi, na kadiri inavyojinyoosha nguvu hupungua. Kanieneo huanza karibu na mara 9, likashuka kidogo kidogo hadi nusu yake au chini ya hapo. Kabla ya kushuka huko, mkono ukiwa bado umeshikiliwa chini, maji hukaa juu ya tonge kwa sekunde kadhaa kwa presha ndogo ya boila na kulilowesha lote. Tonge lililolowa sawasawa halipasuki kirahisi, hivyo maji hayapati njia ya mkato. Mwishoni, pale vitu vitamu vinapokuwa vimeshatoka na vilivyosalia vina uchungu zaidi, nguvu ya kuvisukuma vitoke nayo imepungua. Ndiyo sababu wanywaji wengi huisifu espreso ya wenzo kwa mwisho wake laini, usiokwaruza koo.

Hata udogo wa kikombe una asili yake humo. Chemba iliyo chini ya pistoni hubeba maji machache, na mvuto mmoja hutoa mililita 25 hadi 35 hivi za kahawa. Anayetaka zaidi lazima mkono uvutwe tena. Kipimo hicho kilichoamuliwa na chuma ndicho kilichokuja kuzoeleka duniani kuwa kipimo cha espreso, hata kwenye mashine zisizo na chemba wala springi.

Springi hiyohiyo ina ukali wake. Mkono ukiachiwa ghafla wakati kichujio hakina kahawa, au kahawa imesagwa chenga mno, hakuna kinachoizuia pistoni, na mkono huruka juu kwa nguvu ya kuvunja meno. Mabarista wa mashine hizi hufundishwa mapema kuusindikiza mkono hadi wausikie umekamata, na kusimama ubavuni mwake badala ya mbele yake.

Kutoka mvuke hadi springi

Kabla ya springi palikuwa na mvuke. Angelo Moriondo wa Turin alipata hataza ya mashine ya kahawa ya mvuke mwaka 1884. Mwaka 1901 Luigi Bezzera wa Milan akasajili mashine iliyotoa kahawa kikombe kimoja kimoja, mteja akiwa amesimama kaunta. Desiderio Pavoni alizinunua haki za mashine hiyo, na kampuni yake ya La Pavoni, iliyoanzishwa mwaka 1905, ikaanza kuiunda kwa biashara.

Mvuke ulikuwa na kasoro moja kubwa: nguvu na joto havikutenganishika. Presha ya mashine hizo ilikuwa karibu na mara moja na nusu tu ya hewa ya kawaida. Kuipandisha kulimaanisha kuchochea moto zaidi, na moto ukizidi kahawa huungua. Kilichopatikana kilikuwa kinywaji cheusi, cha moto sana na chenye ladha ya masizi.

Aliyekata fundo hilo ni Achille Gaggia, mwenye baa ya kahawa mjini Milan. Hataza yake ya mwaka 1938 ilitumia pistoni iliyozungushwa kwa skrubu. Ile ya mwaka 1947 ikaleta wenzo na springi, na mwaka 1948 mashine aliyoiita Classica ikaingia sokoni. Sasa maji yangeweza kuwa ya joto la wastani na bado yakasukumwa kwa nguvu nyingi. Matokeo yake yalikuwa kitu ambacho macho ya wanywaji hayakukizoea, povu zito la rangi ya kahawia juu ya kikombe, lililotokana na mafuta ya kahawa na hewa ya ukaa iliyobaki ndani ya buni baada ya kukaangwa. Gaggia alilitangaza kwa wateja kuwa ni krema ya kahawa yenyewe, na jina hilo likabaki.

Kutoka Milan, wenzo ulisambaa upesi. Mwaka 1953 mwigizaji Gina Lollobrigida alifungua Moka Bar katika mtaa wa Frith, Soho, jijini London, na baa za kahawa zikawa fasheni ya vijana wa Uingereza. Kwa Afrika Mashariki, espreso iliingia kupitia Pembe ya Afrika. Asmara, uliokuwa mji mkuu wa koloni la Italia la Eritrea, ulikuwa na baa za kahawa kabla ya vita vya pili vya dunia, na hadi leo mashine kuukuu za Kiitaliano ni sehemu ya sura ya mji huo ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2017. Addis Ababa nayo ina Tomoca, nyumba ya kukaanga na kuuza kahawa iliyoanzishwa mwaka 1953, ambako watu hunywa wakiwa wamesimama kama Italia. Katika miji hiyo miwili makiato ni neno la kila siku, kama chai ya maziwa ilivyo Arusha.

Tanganyika ilifuata njia nyingine. Waingereza walileta mazoea ya chai, na kahawa ikabaki kuwa zao la kusafirishwa. Kisha mwaka 1961, mwaka ambao Tanganyika ilipata uhuru, kampuni ya Faema ya Milan ilitoa mashine ya E61, iliyopewa jina kwa kumbukumbu ya kupatwa kwa jua mwezi Februari mwaka huo. E61 iliyasukuma maji kwa pampu ya umeme. Barista hakuhitaji tena misuli, na foleni ya wateja ilikwenda haraka. Utamaduni wa espreso ulipokuja kuota mizizi Arusha pamoja na utalii, pampu ilikuwa imeshashinda, na mji ukaurukia upande wa pili bila kupita kwenye wenzo.

Kahawa ya mlimani

Mlima Meru, wenye mita 4,566, ni volkano, na majivu yake ndiyo yaliyoupa mteremko wa kusini udongo wenye rutuba. Katika vijiji vya Wameru kama Nkoaranga, Akheri, Poli na Singisi, na vile vya Waarusha kama Ng'iresi na Ilkiding'a, mibuni hukua chini ya migomba katika vihamba vya familia. Upande wa magharibi wa jiji yako mashamba makubwa, Burka na Selian, ambayo mistari yake ya mibuni huonekana kutoka barabarani.

Kahawa hii ni arabika, iliyoletwa kaskazini na wamisionari na walowezi kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Tangu mwaka 1934 kituo cha utafiti cha Lyamungu, upande wa Kilimanjaro, kimekuwa kikichagua na kuboresha miche. Aina mbili za zamani zilizotoka huko, N39 na KP423, bado hutajwa na wakulima kwa majina hayo ya vitabuni. Mavuno huanza katikati ya mwaka na kuendelea hadi kuelekea Desemba. Matunda mekundu humenywa, buni huachwa ichachuke ili utelezi utoke, huoshwa kwa maji safi, kisha huanikwa juu ya vichanja. Uoshaji huo, pamoja na baridi ya mlimani inayochelewesha matunda kuiva, ndio unaoipa kahawa ya Meru uchachu wake ulio wazi, wa kukumbusha limau au pasheni.

Sehemu kubwa ya kahawa hiyo hupelekwa mnadani Moshi na kuvuka bahari ikiwa ghafi. Inayobaki hunywewa kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya mlimani na ya vijiweni. Buni hukaangwa kwenye sufuria au chungu na kutwangwa kwenye kinu. Mjini huchemshwa kwenye birika juu ya jiko la mkaa, pengine kwa tangawizi, na kumiminwa kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono pamoja na kashata ya karanga. Namna ya pili ni ya migahawa, ambako baadhi ya vyama na wakaangaji wa kaskazini wameamua kukaanga na kuuza kikombe wenyewe. Mfano unaofahamika ni Union Café ya Moshi, ya chama kikuu cha ushirika cha KNCU kilichoundwa mwaka 1933.

Ajabu ni kwamba kikombe cha kijiweni na cha espreso vinakaribiana kwa ukubwa. Vyote viwili ni vya kunywa kwa mafunda machache na kuendelea na mazungumzo. Kinachovitenganisha ni muda na nguvu: birika huipa kahawa dakika nyingi bila shinikizo, wakati springi huipa nusu dakika chini ya magunia manne.

Kwa mashine ya wenzo, kahawa ya Meru hutaka ukaangaji wa wastani. Ikikaangwa hadi kuwa nyeusi na kutoa mafuta, uchachu wake hupotea na kikombe hakitofautiani na cha nchi nyingine yoyote. Ikikaangwa kidogo mno, buni hubaki ngumu na nzito kutoa ladha, na springi inayolegea njiani hushindwa kuimaliza, kikombe kikawa kikali kama ndimu changa. Katikati ya hayo mawili, nguvu ya mwanzo hutoa utamu na uchachu, na kulegea kwa mwisho huuacha uchungu ndani ya tonge.

Mwinuko na magadi

Jiji la Arusha liko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ina uzito wa asilimia 85 hivi ya ule wa pwani, kwa hiyo maji ndani ya sufuria iliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 za Selsiasi badala ya 100. Birika la kijiweni haliwezi kuzivuka nyuzi hizo hata mkaa ukipulizwa vipi.

Boila ya espreso imefungwa, kwa hiyo huweza kupata joto zaidi. Geji ikionyesha presha ya hewa moja zaidi ya ile ya nje, maji ya boila huwa na nyuzi 120 kule Tanga au Dar es Salaam, na karibu 118 Arusha, kwa kuwa geji huanza kuhesabu kutoka kwenye hewa nyepesi. Katika mashine nyingi kuukuu za wenzo maji ya kahawa hutoka moja kwa moja kwenye boila hiyo, na kichwa kizito cha shaba huyapoza njiani hadi kati ya nyuzi 90 na 96 zinazofaa. Kichwa chenyewe ndicho kipimajoto. Kikiwa bado baridi, kikombe huwa kichachu na chepesi. Kikipata moto kupita kiasi kwa sababu wateja wamefuatana, kikombe huwa kichungu, na barista husimama kidogo au hufunika kichwa kwa kitambaa kibichi.

Barista aliyefundishwa pwani huweza kukosea kwa namna moja ya kipekee. Baadhi yao hupima joto kwa sikio: humwaga maji kidogo kutoka kichwani, na mlio wa mvuke ukikoma huhesabu kwamba maji yameshuka chini ya nyuzi 100. Arusha mlio huo hukoma kwenye nyuzi 95. Aliyezoea kusubiri sekunde kadhaa baada ya mlio kukoma atapata maji yaliyopoa kuliko alivyodhani, na kikombe kitamlaumu.

Maji yenyewe ni jambo zito zaidi. Chemchemi na visima vingi kuzunguka Meru vina chumvi za volkano, chokaa kidogo lakini bikaboneti ya sodiamu kwa wingi. Hiyo ni ndugu wa karibu wa magadi yanayotiwa kwenye makande ili yaive haraka. Faida yake ni kwamba boila haijai chokaa upesi. Hasara yake inaonekana ulimini. Chumvi hiyo huua uchachu, kwa hiyo kahawa ambayo mkulima wa Akheri ameiosha na kuianika ili ing'ae, hufifia ndani ya maji yaliyotoka mlima uleule. Mnywaji anaweza kuilaumu buni au mashine, kumbe mkosaji yuko kwenye bomba.

Tatizo la pili ni floraidi. Katika maeneo ya Usa River, Maji ya Chai na Ngurdoto, baadhi ya vyanzo vina floraidi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ni kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na madoa ya kahawia kwenye meno ya wenyeji wengi ni ushahidi wake. Kuchemsha hakuiondoi. Kwenye boila mambo huwa mabaya zaidi, kwani mvuke hutoka na chumvi hubaki, hivyo maji yanayobaki huzidi kukolea siku baada ya siku. Mashine ya wenzo inayochota maji ya kahawa ndani ya boila humpa mnywaji mkolezo huo moja kwa moja. Kinga zake ni mbili. Kwanza ni kuchuja maji kabla hayajaingia, kwa mitambo ya kuchuja kwa utando au kwa mkaa wa mifupa, njia ambayo kituo cha Ngurdoto kimeifanyia kazi kwa miaka mingi. Pili ni kuimwaga boila yote mara kwa mara badala ya kuiongezea maji tu.

Umeme, gesi na simtanki

Sifa moja ya mashine za wenzo huonekana zaidi Afrika Mashariki kuliko Milan. Kwa kuwa hazina pampu, kinachohitajika ni moto tu, na nyingi za zamani ziliundwa ziweze kutumia umeme au gesi. Hadi leo kampuni kama Fracino ya Birmingham huunda mashine za wenzo za gesi kwa ajili ya wauzaji wa kahawa wanaozunguka na magari madogo ya magurudumu matatu, ndugu za bajaji. Mtaa ukikosa umeme, mtungi wa gesi huendelea kuipasha boila na springi haijui lolote.

Uhuru huo una mipaka miwili. Wa kwanza ni kinu cha kusagia, ambacho karibu kila mahali ni cha umeme. Mgahawa unaotaka kuuza espreso gizani lazima uwe na kinu cha mkono kinachosaga laini, na kazi yake ni ndefu kuliko ya kuvuta mkono wa mashine. Wa pili ni maji. Ili yaingie kwenye boila iliyo moto, lazima yawe na nguvu kuishinda presha iliyomo ndani. Kila mita 10 za kimo cha maji huzaa kanieneo la hewa moja hivi. Simtanki iliyokaa kwenye mnara wa mita 3 hutoa theluthi moja tu, kwa hiyo valvu ikifunguliwa, badala ya maji kuingia, maji ya boila hujaribu kutoka. Mwenye mashine hana budi kutumia presha ya bomba la mamlaka ya maji, kuweka pampu ndogo, au kuijaza boila asubuhi kabla ya kuwasha moto.

Kuikagua mashine kuukuu

Mashine ya miaka ya 1950 inapopendeza kwa kromi na mabati yaliyopinda, uzuri huo hausemi chochote kuhusu kilichomo. Kitu cha kwanza cha kukaguliwa ni valvu ya usalama, ambayo huachia mvuke geji inapopita kiwango. Valvu iliyokwama kwa kutu huigeuza boila kuwa bomu. Cha pili ni vifuniko vya joto na gasiketi za zamani, kwani baadhi zilitengenezwa kwa asbesto na hazipaswi kukwaruzwa wala kupulizwa na mtu asiyejikinga. Cha tatu ni viungio vilivyochomelewa kwa risasi ambavyo maji ya kunywa huvigusa.

Gasiketi za pistoni ni za kubadilishwa kila mara, na hupakwa grisi isiyodhuru chakula. Zikichakaa, maji huvuja juu ya pistoni na mkono hupanda kama hauna mzigo. Pini za egemeo nazo huliwa na miaka. Hizo fundi hodari wa kukereza vyuma, wa aina wanaopatikana maeneo ya viwanda kama Unga Limited, anaweza kuzitengeneza upya kwa kufuata ile ya zamani. Springi ni habari nyingine. Hukaa imebanwa hata mkono ukiwa juu, na anayefungua kichwa bila kuifunga kwanza kwa kifaa chake anaweza kupigwa nayo usoni.

Mezani

Kuionja espreso ya wenzo huanza kabla ya kuiagiza. Mashine inayofaa imekuwa moto kwa muda wa kutosha kichwa kizima kishike joto, kwa kawaida zaidi ya nusu saa. Anayekuwa mteja wa kwanza asubuhi huweza kupata kikombe cha kichwa kilichopoa, na anayekuja katikati ya msongamano hupata cha kichwa kilichozidi. Wakati mzuri ni baada ya vikombe viwili vitatu, kaunta ikiwa imetulia.

Kinachofuata ni kuutazama mkono. Barista husaga, hujaza kichujio gramu 7 kwa kikombe kimoja au 14 kwa viwili, hushindilia, hufunga, hushusha. Husubiri kidogo mkono ukiwa chini, kisha huuachia. Mkono unaopanda kwa sekunde chache umeonyesha kahawa iliyosagwa chenga. Uliogoma kupanda umeonyesha iliyosagwa kama poda. Unaopanda kwa mwendo mmoja wa utulivu umeahidi kikombe kizuri. Pampu haitoi dalili hizi hadharani.

Povu likiwa la rangi ya hudhurungi na linajifunga tena baada ya kuguswa na kijiko, kahawa imekaangwa karibuni na imekamuliwa sawasawa. Likiwa jeupe na kutoweka upesi, kuna kilichopungua. Povu lenyewe ni chungu, ndiyo maana wengi hukoroga kwanza. Funda la kwanza huchukuliwa kikombe kikiwa moto, la mwisho kikiwa vuguvugu, kwani uchachu wa kahawa ya Meru hujitokeza zaidi joto likishuka. Maji ya kunywa hutangulia kahawa ili kusafisha ulimi. Kashata, kwa aliyeizoea, hukaa vizuri zaidi baada yake.

Kipimo cha haki ni vikombe viwili sambamba, kahawa ileile iliyokaangwa siku ileile, kimoja cha wenzo na kimoja cha pampu, vyote kwa maji yaliyochujwa. Cha pampu mara nyingi huwa na ladha zilizochorwa kwa mstari mkali zaidi, uchachu upande huu na uchungu upande ule. Cha wenzo huwa kizito zaidi ulimini na ladha zake huingiliana. Hakuna kati yao kilicho bora kwa kila mtu, na kahawa iliyokaangwa kidogo huweza kupendeza zaidi kwenye pampu.

Vikombe vikiisha, ushahidi wa mwisho huwa ndani ya kichujio. Tonge lililotolewa na wenzo uliofanya kazi vizuri huwa kavu, limeshikamana na halina tundu wala ufa. Lenye tundu limeonyesha mahali ambapo maji yalipata njia ya mkato, na anayelitazama kabla halijatupwa hujua kwa nini kikombe chake kilikuwa na uchachu na uchungu kwa pamoja.